Anza na Yule Anayefuata: Maneno kwa Wenza Wanaohamia Nchi Nyingine

Ndugu zangu habari za mchana, asanteni kwa kunipa maiki na asanteni zaidi nyie mliokuja wawili wawili. Nimeombwa niongee kuhusu mke na mume wanavyoanza kazi na maisha kwenye nchi mpya. Mada hii ikiongelewa huwa inaanza na aliyepata kazi, mshahara wake, mkataba wake, viza yake, na akimalizwa yeye ndo mtu anakumbuka kusema "na familia nayo itafuata". Mi naomba nianze huku kwenye familia itafuata.

Maana aliyepata kazi, mara nyingi husimama mwenyewe. Akifika ana ofisi, ana wenzake, siku ya kwanza anapewa laptopu na kitambulisho na mtu wa kumuonyesha choo kiko wapi. Anayefuata anapewa funguo za nyumba basi. Asubuhi mlango unafungwa, mwenzie kaenda kazini, na yeye kabaki na simu na dirisha, mtu ambaye alikotoka labda alikuwa bosi wa watu lakini kwenye fomu sasa hivi anaitwa mtegemezi. Na kwa nilivyoona mimi huyo ndo anaamua kama mtakaa au mtarudi, hata kama hakuna anayelisema mezani.

Mi mwenyewe ndo nilikuwa mfuataji. Mke wangu ni muuguzi, mkataba ulikuwa wake, mi nikaja nyuma yake. Naona wanaume wawili watatu wanatabasamu, tabasamuni tu, mkimaliza tuendelee. Nchi siitaji kwa makusudi kabisa, nikiitaja nusu yenu mtasema aah kule kwepesi na nusu mtasema kule kugumu, tutamaliza muda wote tunabishania nchi.

Sasa, kabla ya tiketi, kabla ya kuuza makochi, kabla hata ya kusaini mkataba, swali ni moja: viza ya anayefuata inamruhusu kufanya nini? Sio inamruhusu kuingia. Kuingia ni rahisi kujua. Inamruhusu kufanya kazi, ndio au hapana, kazi gani, na kuanzia lini. Hili swali watu wanaliuliza wakiwa wameshafika na kwa kweli linanikera kuliko yote, maana jibu lipo wazi kwenye tovuti za serikali zenyewe.

Chukua Marekani. Mtu mwenye H-1B, yaani viza ya mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni ya kule, anaweza kwenda na mwenza wake kwa viza ya H-4, lakini H-4 peke yake haitoi ruhusa ya kazi. Tangu Mei 2015 baadhi ya hao wenza wanaweza kuomba kibali, ila mpaka yule mwenye H-1B awe ameshafika hatua fulani kwenye foleni ya green card, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, na foleni hiyo kwa wengine ni ya miaka mingi. Lakini yule aliyehamishwa na kampuni yake mwenyewe, wale wa L-1, mwenza wake anaruhusiwa kufanya kazi moja kwa moja. Kwa hiyo unaweza kukuta watu wawili jengo moja, kazi zinafanana, mshahara unakaribiana, mwenza wa huyu anatoka asubuhi na mwenza wa yule anakaa nyumbani mwaka wa pili huu, tofauti ni herufi iliyoandikwa kwenye viza.

Uingereza nako, mwenza wa mtu mwenye viza ya kazi ya Skilled Worker anaweza kufanya karibu kazi yoyote ukiacha mambo ya michezo ya kulipwa, lakini swali lile la kama unaweza kumleta kabisa limebadilika sana hivi karibuni. Wanafunzi wa masters za kawaida walizuiwa kuleta wenza kuanzia Januari 2024. Walezi wa wazee na wagonjwa walizuiwa kuanzia tarehe 11 Machi 2024, halafu Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ukafungwa wenyewe. Canada walikuwa wanajulikana kwa ukarimu kwenye hili, kibali cha wazi kwa mwenza, yaani kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, lakini tangu tarehe 21 Januari 2025 kibali hicho kimebanwa, kinategemea mwenzio anasoma nini au anafanya kazi ya ngazi gani na kibali chake kimebaki miezi mingapi, kwa wengi inatakiwa iwe imebaki 16 au zaidi. Ujerumani ukishaingia kwa kibali cha familia unafanya kazi bila kuomba ruhusa nyingine, hapo wako vizuri, ila kabla hujatoka kwenu kwa kawaida unatakiwa uwe na cheti cha Kijerumani cha A1, ile ngazi ya mwanzo kabisa, japo kuna waliosamehewa, mfano wenza wa wenye Blue Card, kile kibali cha Ulaya cha wafanyakazi wenye elimu ya juu.

Sijayasema haya ili myakariri. Yatabadilika tena. Nimeyasema ili mkikutana na jamaa anawaambia "mi nilikuja na mke wangu mwaka juzi wala hakukuwa na shida", mjue anasema kweli tupu na bado anaweza kuwapoteza. Someni tovuti ya serikali husika, muangalie na tarehe ukurasa ulipobadilishwa, na agenti akiwaambia mwenza ataanza kazi wiki ya kwanza mwambieni awaonyeshe imeandikwa wapi.

Na kuna swali la pili ambalo watu wanaliogopa kwa sababu linaonekana kama mkosi. Ikitokea ndoa imevunjika, au mwenye mkataba amefariki, au amefukuzwa kazi, anayefuata anabaki na nini? Dada mmoja aliwahi kuniambia ukiuliza hivi kabla ya safari unaonekana unapanga talaka. Hapana jamani. Kibali cha mfuataji kinaning'inia kwenye kibali cha mwenzie, hiyo ni sheria, haina uhusiano na mapenzi yenu. Kwenye nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kuna maelekezo ya mwaka 2003 yanayosema mwenza apate haki ya kibali chake mwenyewe ndani ya muda usiozidi miaka 5 ya kuishi huko, Ujerumani wameifanya miaka 3 ya kuishi pamoja ndani ya nchi, na kama kuna ukatili hawalazimishi muda huo utimie. Mkataba wa Istanbul wa 2011 kifungu cha 59 unazitaka nchi zimpe kibali chake mtu anayepigwa au kunyanyaswa na mwenza ambaye ndo mwenye viza, ingawa zipo zilizoukubali mkataba na kukiweka pembeni kifungu hicho. Marekani wana sheria tangu 1994 ambayo mwenza anayenyanyaswa na raia au mwenye green card anaweza kujiombea mwenyewe bila yule mtesaji kujua.

Nayasema kwenye ukumbi huu wenye wanandoa wenye furaha kwa sababu moja. Nimekaa na watu, wanawake wengi na wanaume kadhaa, ambao mwenza aliwaambia "ukiondoka hapa unarudishwa kwenu kesho" na wakaamini. Kwa wengine wao haikuwa kweli hata kidogo. Kwa hiyo sheria ndogo ya nyumbani: kila mtu pasipoti yake anaitunza mwenyewe. Kila mtu ana kopi za vibali vyote, vyake na vya mwenzie, kwenye imeili ambayo nywila yake anaijua yeye. Anayekushikia pasipoti "ili isipotee" mwambie asante, nitajishikia.

Tuje kwenye makaratasi ya kawaida, hapa nitapita haraka. Watu wanabeba vyeti vya aliyepata kazi tu. Vya mfuataji vinabaki kabatini kwa sababu hana kazi bado, na akija kuipata anaanza kusumbua ndugu wapekue. Bebeni vya wote: vyeti vya shule na chuo pamoja na matokeo ya kila somo, barua za kazi zenye tarehe ya kuanza na kuacha, leseni, cheti cha ndoa, vya kuzaliwa. Angalieni majina yalingane herufi kwa herufi, mke aliyebadili jina baada ya ndoa awe na karatasi inayounganisha hayo majina mawili. Mihuri mfanye mkiwa bado nyumbani. Kuna ule muhuri wa apostili uliotokana na mkataba wa Hague wa 1961, kama nchi zote mbili zimo basi muhuri mmoja unatosha, kama moja haimo mtazunguka wizarani na ubalozini na hiyo inakula wiki.

Na kama kazi ya mfuataji ni ile inayotaka leseni, uuguzi, udaktari, ualimu, uanasheria, uhandisi sehemu nyingine, mkae chini mapema. Digrii yako haijafutwa, ila haifungui mlango mpaka bodi ya kule iseme sawa. Muuguzi akienda Marekani au Canada kuna mtihani wa NCLEX, Uingereza kuna mtihani wa kompyuta halafu ule wa vitendo wanaouita OSCE. Mkakati ninaoupenda mimi ni maombi kwenye bodi yaanze mkiwa bado kwenu, barua zinazoenda chuo kuomba uthibitisho zinaenda haraka zaidi ukiweza kusimama mlangoni kwa msajili mwenyewe kuliko kumpigia simu ya masafa asiyopokea.

Nyumba na benki. Kuna mduara mtakutana nao, benki inataka uthibitisho wa anwani, mwenye nyumba anataka aone akaunti na mishahara ya miezi iliyopita, mwajiri anataka namba ya akaunti ili akulipe, na wewe hapo katikati huna hata kimoja. Unavunjwa kwa kuanzia kwa mwajiri, aandike barua ya kuthibitisha kazi na mshahara, na mpangishaji wa muda mfupi anayekubali kukuandikia anwani kihalali. Ujerumani mfano unatakiwa kujiandikisha anwani ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, na bila ile karatasi mambo mengine hayaendi, kwa hiyo chumba cha bei rahisi ambacho mwenyewe anasema "usijiandikishe hapa" sio rahisi, ni ghali. Lakini ninachotaka mkiandike ni hiki: mkataba wa nyumba uwe na majina mawili, bili hata moja iwe na jina la mfuataji, na mfuataji awe na akaunti yake yenye jina lake pembeni ya ile ya pamoja. Sio mambo ya kutoaminiana. Nchi nyingi zinampima mtu kwa historia ya malipo, na mtu aliyeishi miaka 4 bila jina lake kwenye karatasi yoyote, siku akienda kuomba hata laini ya simu ya mkataba anaonekana kama ameshuka jana.

Sasa hela ya matumizi kwa mfuataji. Wanaume wenzangu hapa, na kina mama mnaotangulia, sikilizeni. Mtu mzima kuomba nauli ya basi kila asubuhi kunamchosha roho. Mimi nimeomba, nafahamu, na mke wangu hakuwahi kuninyima hata mara moja, na bado kulinichosha. Mshahara ukiingia kuna kiasi kinaenda kwa mfuataji moja kwa moja bila kuulizwa kimeenda wapi, kiwe kidogo ama kikubwa. Na ile ya kutuma nyumbani muikubaliane mkiwa hamjagombana, kiasi gani kwa mwezi kwa pande zote mbili, maana upande wa mwenye mshahara hupigiwa simu yeye na upande wa asiye na mshahara huambiwa "si mmeo analipwa vizuri". Ugomvi mwingi nilioamua ulianzia hapo na sio kwenye mambo makubwa. Halafu msitume vipande vipande, gharama za kutuma dola 200 dunia nzima kwa wastani bado zinazidi asilimia 6 kwa hesabu za Benki ya Dunia, na lengo la Umoja wa Mataifa ni zishuke chini ya 3 ifikapo 2030, mpaka hapo ukituma mara nne kidogo kidogo unawanufaisha wenye kampuni za kutuma hela.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, na halipo kwenye fomu yoyote. Mwaka 1955 msomi mmoja wa Norway, Sverre Lysgaard, alitoa utafiti wake kuhusu Wanorway zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo wa Fulbright. Akakuta waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa vizuri, waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa vizuri, na wale wa katikati, miezi 6 hadi 18, ndo walikuwa na hali mbaya. Mwaka mmoja kabla, 1954, Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Canada, alikuwa ameongea jambo linalofanana kwenye klabu ya wanawake kule Rio de Janeiro, akaeleza hatua za mgeni, kwanza kila kitu kinapendeza kama fungate, halafu kinaanza kuudhi, halafu unazoea taratibu, halafu inakuwa nyumbani. Baadaye wasomi wengine wamepinga kwamba sio kila mtu anapita hivyo na ni kweli, kuna mtu analia wiki ya kwanza na kuna mtu hiyo hali mbaya haimpati kabisa. Lakini lile shimo la katikati, yaani ile miezi mibaya, nimeliona kwa wengi mno kulipuuza.

Lakini hizo hatua zinaelezwa kwa mtu mmoja. Nyie mko wawili, na hamuanguki siku moja. Mwenye kazi anaweza kuwa bado kwenye fungate lake, anarudi jioni na stori za ofisini, bosi kamsifia, wikiendi kaalikwa, wakati mfuataji kashafika shimoni kwa sababu kwake mambo mapya yaliisha mapema, amemaliza kupanga nyumba, amejua duka, amejua basi, sasa ni siku zinazofanana. Na ikija kugeuka, mfuataji kapata kazi na marafiki, mwenye mkataba ndo anaanza kuchoka, kile kilichozuiwa na pilika za mwanzo sasa kinatoka. Kila mmoja anamuona mwenzie kama hana shukrani. Huyu anasema nakuhangaikia siku nzima narudi nakuta umenuna, yule anasema nimeacha kazi yangu kwa ajili yako na huulizi hata siku yangu ilikuwaje. Wote wawili wako sahihi, hapo ndo pagumu.

Dawa sina ya chupa. Nachoweza kusema, msiulizane "uko sawa?" maana jibu ni ndio kila siku. Ulizeni "leo umeongea na nani?" Jibu likiwa hakuna mtu, siku tatu mfululizo, jueni kuna kazi ya kufanya wikiendi hii. Na asiongee na watu wa kwao tu kwenye simu. Simu za nyumbani ni tamu ila zinamrudisha mtu alikotoka kila saa, mwili uko huku, masaa yake yote yako kule, anajua msiba wa kila mtaa na hajui jina la jirani wa mlango wa pili.

Lugha. Kama hela ya kozi inatosha mtu mmoja, aende mfuataji. Najua itaonekana kinyume, mwenye kazi ndo anaihitaji, lakini mwenye kazi anasikia lugha masaa nane kwa siku na analipwa akiisikia. Ngazi za lugha zile za A1 mpaka C2 zilizowekwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 sasa ndo kipimo karibu kila mahali Ulaya, na kati ya B1 na B2 ndo kazi nyingi za ofisini na za leseni zinaanza kufunguka. Kozi ya kukaa darasani na watu, sio apu peke yake. Apu haiwezi kukualika kwenye bethidei ya mtoto wake. Hata kama nchi ni ya Kiingereza na Kiingereza chako ni kizuri, lafudhi za watu kwenye simu zitakutoa jasho, jiungeni na chochote kinachowalazimisha kuongea, kwaya, timu, kamati ya wazazi shuleni.

Kuhusu kazi ya kwanza ya mfuataji, hapa watu wananipinga na wanipinge. Itakuwa chini ya elimu yake, karibu kila mara. Ichukue. Mi nilipanga bidhaa usiku kwenye ghala na niliyekuwa napanga naye alikuwa na masters, tukicheka sisi wenyewe. Ila iwe na mpaka wake uliokubaliwa na wote wawili mapema, kwamba hii ni ya miezi kadhaa, na kwamba masaa yake hayagusi masaa ya darasa. Ghala litakupa shifti za ziada mpaka uzeeke. Nimeona mhandisi mzuri tu kapokea shifti za ziada miaka, hela inaonekana, nyumbani wanapata, na leseni yake ikakaa hapo hapo ilipo, kila mwaka unaopita bodi inauliza "mara ya mwisho kufanya kazi ya fani ni lini" na jibu linazidi kuwa baya. Kwa hiyo weka kidogo cha fani kila mwezi hata kama ni kujitolea au kozi fupi, CV isikatike.

Na kazi za nyumbani, tafadhali. Kuwa nyumbani sio kuwa mfanyakazi wa ndani. Mwanaume aliyemfuata mkewe akiosha vyombo hajapungua kitu, na mwanamke aliyemfuata mumewe hakusafiri ili apike mara tatu kwa siku kwenye nchi ambayo hana shangazi wa kumpokea mtoto. Gawaneni upya, ule mgawanyo wa zamani ulikuwa unabebwa na ndugu na majirani, na hao hamkusafiri nao.

Nimepewa kikaratasi hapa, dada anauliza, je, twende pamoja au mmoja atangulie? Dada, kama nchi inaruhusu na akiba inafika miezi michache bila mshahara wa pili, nendeni pamoja. Kama haifiki, mmoja atangulie akatafute nyumba, lakini maombi ya mwingine yaingizwe mapema, yasisubiri "mambo yatulie", mmesikia tarehe nilizotaja, kuna watu sheria ilibadilika wakati wanasubiri mambo yatulie. Na katika hicho kipindi cha kutengana tunzeni ushahidi kwamba nyie ni wenza kweli, meseji, risiti za kutumiana hela, picha zenye tarehe, tiketi za kutembeleana, maofisa wanauliza. Andikeni pia sehemu moja tarehe za kila safari ya kutoka na kuingia, za wote wawili, fomu za ukaazi wa kudumu na uraia zitaziuliza zote. Haya, swali lingine, yule kaka wa shati la bluu.